Friji ya Kwenye Kabati

Huku Ngara, jirani, friji haikai jikoni. Jikoni ataiona nani? Friji inakaa sebuleni, ubavuni mwa tivii. Juu yake kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa, maua ya plastiki. Juu ya maua, vumbi. Mgeni akipiga hodi anaiona friji kabla hajamwona mwenye nyumba, na heshima yako hapo imeshakamilika, hata chai usipompa hatakusema. Yangu ilikufa zamani, enzi za majenereta. Ndani tulikuwa tunaweka viatu vya Krismasi na vyeti vya ubatizo. Lakini ilikuwepo. Ilionekana. Na tuambiane ukweli, baridi hii ya kwetu Juni na Julai, jagi la maji ukiliacha dirishani usiku, asubuhi linauma meno. Kupozwa tunapozwa sote, bure. Friji ni ya kuonekana.

Basi mimi nikaletewa ya kufichwa.

Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, anaendesha semi, Dar kwenda Kigali. Akanipigia simu. "Shem, nimekuokotea friji. Mtumba wa Ulaya, kitu chenyewe kabisa." Nikatuma hela. Ni hela ngapi tusiongelee hapa, mke wangu naye anasoma gazeti. Madereva wa semi unawajua, hawakati kona kwa ajili ya mtu. Akaishusha Benako, akasema niifuate, yeye anawahi foleni ya mpakani Rusumo. Nafika, naikuta imelazwa ubavu. Imelala hivyo hivyo tangu Dar. Imepita Nyakanazi imelala, imepita Lusahunga imelala, ikaingia ile barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92 ambazo enzi za mashimo hata dereva mlokole alikuwa anatoka nazo na dhambi mpya. Nikaipakia kwenye kenta ya ndizi kuja Ngara mjini. Nayo ikalazwa. Nani asimamishe friji katikati ya mikungu?

Nyumbani tukakata maboksi. Watoto wamejaa, majirani wamejaa, mke wangu kavaa kitenge kipya kabisa kwa ajili ya kufungua friji.

Jirani, ilikuwa uchi.

Haina rangi. Haina kishikio. Ubavuni bati la kijivu, mlangoni bati jeupe limetobolewa vitundu, reli mbili za plastiki zinaning'inia. Kimya kikapita. Mzee mmoja wa nyumba ya pili akavua kofia akasema, "Poleni sana." Mke wangu akashika kiuno. "Kaka yangu kaibiwa mlango njiani!" Tukapiga simu. Shemeji yuko Rwanda tayari, anacheka mpaka mtandao unakatika. "Shem, hiyo ni ya kujengea. Inaingia ndani ya kabati. Mlango wake unavalishwa mbao. Ukimaliza hakuna mtu anajua kuna friji hapo."

Hakuna mtu anajua. Mimi nimetoa hela ili mtu asijue.

Kijana wangu wa kidato cha tatu, yule anayejua kila kitu isipokuwa kuchota maji, akatoa simu akaanza kutusomea. Kwamba kulikuwa na mzee anaitwa Westye Bakke, wa Madison, Wisconsin, huko Marekani, alianzisha kampuni ya Sub-Zero mwaka 1945, na miaka ya 1950 wakaanza kutoa friji za kuchomeka ndani ya makabati ya jikoni. Nikamuuliza, huyo mzee alikuwa anamficha nani? Wakwe? Akasema hapana baba, ni urembo, jiko lote linaonekana kitu kimoja. Nikamwambia jiko letu nalo lote linaonekana kitu kimoja. Masizi.

Akaendelea kusoma. Kwamba friji iliyosafiri imelala isiwashwe papo hapo. Isimamishwe, iachwe masaa mengi, bora ilale usiku mzima imesimama, maana kule chini kuna kompresa, na kompresa ina oili, na ukiilaza friji oili inatambaa kwenye mabomba isikotakiwa. Ukiwasha kabla haijarudi, unaiua. Mimi hoja yangu ilikuwa nyepesi: mashine ukiipumzisha sana inazoea. Nikapigiwa kura. Nyumba yangu ina demokrasia nikiwa upande wa wachache.

Sasa seremala. Seremala wa hapa Ngara alinitajia bei nikadhani anauza nyumba. Mke wangu akasema ana binamu wa shoga yake, yuko Biharamulo, fundi wa uhakika. Akaja na basi, anatokea jirani na lile boma la Mjerumani, na ukimsikia anavyojisifu utadhani boma kalijenga yeye. Futi kamba anayo, ila anapima kwa shubiri. Kijana wangu akamsomea vipimo: uwazi wa kabati upana sentimita 56, kina kisipungue 55, urefu 178 kwa aina ile. Fundi akamtazama. "Dogo, mimi nimefunga makabati ya mapadri." Hoja ikaisha.

Na kusema kweli alichonga. Mninga mtupu. Milango mitatu imepangana: wa vyombo, wa friji, wa unga. Wembe haupiti kati yake. Mbao ya mlango inchi nzima, ukiubeba unahema. Nyuma akaziba kwa ubao mzito, kwa sababu ya panya. Chini akaziba kwa sababu ya mende. Juu akaziba kwa sababu ya vumbi. Mimi nilikuwa msimamizi. Kazi ya msimamizi ni kusema "hapo sasa," nami nilisema. Nikauliza kama hatulifungi ukutani. Akalipiga kabati kofi. "Hili? Uzito wake wenyewe unatosha." Akadai nauli ya kurudia, akadai ya soda, akaondoka.

Ikaja habari ya umeme. Soketi zetu unazijua, matundu matatu ya pini bapa. Plagi ya friji ya Ulaya ina pini mbili za mviringo. Haiingii. Kila mtu huku anajua dawa: unachukua kijiti, unakitia tundu la juu, matundu ya chini yanafunguka, unachomeka. Ndivyo tunavyochaji simu, ndivyo tunavyowasha redio, Radio Kwizera nyumbani kwangu inasikika kwa nguvu ya kijiti cha mfagio. Nikatia kijiti. Na soketi yenyewe iko nyuma kabisa ya friji, kwa hiyo nikachomeka kwanza, ndipo tukaisukuma ndani. Ikaguruma. Tukapiga makofi.

Jioni mke wangu anadeki, yuko peku, sakafu ina maji, akashika skrubu ya mlango. Akaruka. "Inaniuma!" Nikamwambia ni upya, itazoea. Akasema niishike mimi. Nikavaa ndala kwanza. Unaona? Sikusikia kitu. Nikamwambia mama watoto, tatizo ni wewe.

Halafu likaja la joto. Ndani ya friji, mtindi uko vuguvugu. Soda ziko vuguvugu. Lakini kabati, jirani, kabati la nje linachemka! Ukiweka mgongo unasikia raha. Paka akahamia juu. Mke wangu ana vifaranga, na vifaranga na baridi ya Ngara hawapatani, akaniangalia, akaangalia kabati, akachukua boksi la vifaranga akaliegesha pale ubavuni. Wakanenepa. Hakufa hata mmoja. Friji ya Ulaya, mninga wa Biharamulo, inalea kuku. Na hailali. Usiku kucha mmmm, mmmm. Zile friji nyingine huwa zinanyamaza kidogo zikavuta pumzi, hii hapana. Luku nikiweka yuniti zinashuka naziona kwa macho. Jumapili nikiwa kanisani nawaza yuniti.

Zamani ningejua wa kumsingizia. Ngara na Biharamulo tulikuwa kisiwa, gridi ya taifa tunaisikia redioni, sisi na majenereta yetu ya dizeli. Kitu kikiungua, jenereta. Mtoto akifeli, jenereta, alisomea kibatari. Sasa mambo yamegeuka. Pale maporomoko ya Rusumo, wilaya yetu hii hii, kuna kituo cha megawati 80, tunagawana sawasawa sisi na Rwanda na Burundi, na laini ya kilovolti 220 imenyooka kwenda Nyakanazi kushikana na gridi. Umeme unapikwa uani kwetu. Visingizio vimeniishia, nimebaki na friji.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Rulenge.

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima. Mbele yake huwa nakaa ukingoni mwa kiti. Amekuja na galoni lake la rubisi na mkungu wa ndizi, amesikia binti yake ana friji, ametazama sebuleni hakuiona, akadhani tumeiuza. Ile iliyokufa tulikuwa tumeihamishia uani. Mke wangu akampeleka jikoni kwa madaha. "Mama, hebu tafuta friji iko wapi." Mama akazunguka. Akafungua mlango wa vyombo. Akafungua wa unga. Akaja wa katikati.

Sasa fikiria mwenyewe. Mlangoni tumepanga soda za chupa, kreti nzima kasoro zilizonywewa. Jagi la maji. Galoni la mtindi. Juu ya hapo ubao wa mninga inchi nzima. Mama mkwe ni mtu wa shamba, ana mkono. Akavuta. Mlango ukaja wote mpaka mwisho, uzito wote ukaja mbele, na kabati, lile ambalo uzito wake wenyewe unatosha, likanyanyua kisigino. Taratibu. Likaanza kumsujudia.

Sijui nilifikaje. Nilijikuta chini ya kabati, nimelipa mgongo, magoti nusu, mikono sakafuni, sehemu ya nyuma ya mwili imeelekea kule ambako kwa mila yoyote unayoijua wewe haitakiwi kuelekea mama mkwe akiwepo. Chupa zinabingirika. Mtindi unanitiririkia shingoni, vuguvugu. Nikasema, "Shikamoo mama," kwa sababu tulikuwa hatujasalimiana.

"Marahaba baba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo mama."

"Usiachie!" mke wangu anapiga kelele. Kana kwamba nilikuwa nafikiria kwenda mahali.

Wakaenda kuita jirani. Jirani akaja, mtu mstaarabu, akamkuta mama mkwe, akaanza kusalimia. Za Rulenge? Nzuri. Za mvua? Zinakuja kuja. Mzee hajambo? Anasumbuliwa na mguu. Ooh, pole yake, mguu upi? Mimi nipo. Migomba imezaa? Inasumbuliwa na mnyauko. Ee bwana, hata kwetu. Nikatoa sauti. Jirani akainama kuniangalia. "Na wewe hujambo?" Mama mkwe akaniona jasho linatoka, akaniokotea soda moja sakafuni, akaifungua kwa meno, akaniwekea mrija, akanishikia nikanywa. Akamgeukia binti yake. "Hii soda mbona ya moto?"

Hilo ndilo lililoniuma. Mgongo ulipona.

Wakalisukuma likarudi. Usiku ule kabati lilifungwa kamba kwenye nondo za dirisha, mama mkwe akalala amefunga mlango wa chumba kwa ndani, na kesho yake nikamfuata fundi wa mafriji. Kijana wa Kabanga, amevaa kofia kinyumenyume, begi mgongoni, drili mkononi. Kabla hajaingia ndani akasimama uani. Watoto wa mtaa wanacheza kombolela, mmoja kajificha ndani ya ile friji yetu ya zamani. Kijana akatupa begi. Akamtoa mtoto, akatoa bisibisi, akafungua bawaba za mlango pale pale, akaung'oa, akaniletea kifuani. "Mzee, friji iliyokufa haikai nje na mlango." Akaniambia Marekani watoto walikuwa wanajifungia humo wanakosa hewa, mpaka mwaka 1956 ikatungwa sheria mlango uweze kusukumwa ukiwa ndani. Za zamani zenye komeo ndizo mbaya kabisa, ila hata hizi za mpira wa sumaku mtoto mdogo akishajikunja humo nguvu za kusukuma hana. Hapo sikuwa na la kusema, jirani. Hapo hata mimi sikutania.

Akaingia jikoni. Akamulika tochi. Akanusa. Akamwona paka. Akaona boksi la vifaranga.

"Mzee, nani kafunga hii?"

"Fundi."

"Wa wapi?"

"Biharamulo."

"Ahaa," akasema, kwa namna ya watu wa Ngara wanavyosema ahaa wakisikia Biharamulo. Bei ikapanda hapo hapo, nilimwona machoni.

Tukaivuta. Alipoona kijiti, akakaa chini. Akakitoa kwa koleo, akakiweka juu ya meza, akaita watoto waje wakione. Kumbe ile plagi ya Ulaya inapokea ethi kwa vibati vya ubavuni, na soketi yetu inatoa ethi kwenye lile tundu la juu, ambalo mimi nimelijaza mti. Kwa hiyo friji haikuwa na ethi kabisa. Bati lote likivuja umeme kidogo, njia ya kushukia ardhini ni mke wangu. Akakata plagi, akafunga ya pini tatu yenye fyuzi. Akatoka nje kutafuta kile chuma cha ethi kinachochimbiwa ardhini karibu na mita. Akakuta waya umekatwa. Nani kakata? Watoto wanasema baba alihitaji shaba ya kufungia antena. Watoto siku hizi hawana adabu.

Soketi akaihamishia kabati la vyombo, ili likitokea la kutokea mtu achomoe bila kubeba friji mgongoni. Hapo kwenye mgongo alinitazama. Habari zilishafika Kabanga. Akakataa ekstensheni, akaweka frijigadi, kile kidude kinachokata umeme ukizidi au ukipungua, na ukirudi kinasubiri dakika chache kompresa itulie kabla ya kuipa moto. Maana huu wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi, kwenye waya una siku zake.

Halafu akaja kwenye vifaranga. "Mzee, friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Inalitoa ndani, inalimwaga nje kupitia mabomba ya nyuma. Wewe umeziba nyuma, chini na juu. Joto liende wapi? Linarudi ndani. Inalitoa, linarudi, inalitoa, linarudi. Ndio maana hailali." Mimi na fizikia tuliachana shuleni kwa amani, lakini hata mimi nikaelewa kwamba nilikuwa nanunua umeme wa kubishana na kabati. Akachukua msumeno. Jirani, kuona msumeno unaingia kwenye mninga wa hela yangu! Chini kwenye ubao wa miguuni akakata dirisha, sentimita 20 kwa 10 halipungui, akaliwekea wavu wa chuma, panya wakae nje. Nyuma akaacha njia wazi mpaka juu. Juu akakata lingine ukubwa huo huo. Hewa baridi iingie chini, ya moto ipande yenyewe itoke juu. Akasema nikiweka masufuria au vitenge juu pale nimerudi nilikotoka. Paka akabaki anazunguka, hana pa kulala.

Sasa kuifunga isianguke. Alianza na pimamaji, akazungusha miguu ya friji mpaka povu likakaa katikati. Akatafuta vile vipande vya chuma vinavyokuja na friji, vya kuishika na kabati juu, chini na ubavuni. Nikamwambia nilivitoa, nilidhani ni vya kufungia mzigo. Viko wapi? Kimoja kinaning'iniza taa ya chooni. Akavikusanya vyote. Mimi kumsaidia nikachukua skrubu ndefu na bisibisi nikataka kuichoma friji ubavuni, akanidaka mkono hewani. Ndani ya ubavu kuna mabomba ya gesi. Akanionyesha stika yenye pembetatu na alama ya moto: R600a. Ni isobutani, ndugu wa ile gesi ya kupikia. Imo kidogo tu, magramu, lakini ukiitoboa na jirani yako ana koroboi, ni habari nyingine. Ndio maana barafu haikwanguliwi kwa kisu. Skrubu zinaingia pale kiwandani walipotoboa, basi, kutoka pale zinauma mbao.

Na kabati lenyewe kwenda ukutani. Ukuta wangu ni tofali za kuchoma, udongo katikati, plasta juu. Akagonga kwa kidole akasikiliza. "Tukitoboa kwenye udongo inatoka na mkono. Tunatafuta moyo wa tofali." Drili ikalia, vumbi jekundu, fisha ndani, skrubu, vyuma vya kona juu kushoto na kulia. Akaning'inia. Kijana mzima akaning'inia kwenye kabati, halikutikisika. Mlango wa mninga akaushusha, akaulalamikia, akampa seremala wa hapa jirani aupunguze unene, milimita 16 mpaka 19 ndio friji hizi zinapenda, zaidi ya hapo bawaba zinalia. Chupa za soda akazitoa mlangoni akazipanga chini.

Stika nyingine ilikuwa na herufi, SN mpaka ST. Maana yake chumba kiwe kati ya nyuzi 10 na 38. "Mzee, jikoni hapa alfajiri nyuzi ngapi?" Nikamwambia hapa hatupimi kwa nyuzi, tunapima kwa sweta. Sana sana ni mawili.

Mwisho akaomba noti. Nikauliza ya nini. Ya kupimia mpira wa mlango. Nikampa ya elfu kumi, sikuwa na ndogo. Akaibana mlangoni, akafunga, akaivuta, ikatoka kirahisi. "Mpira umelegea." Akaupasha kwa maji ya moto, akaunyoosha kwa vidole, akabana tena noti, akavuta, ikagoma. Mpira safi. Akafungua mlango, akaichukua noti, akaitia mfukoni. "Hiyo ni advansi."

Sasa inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Inaguruma kidogo, inanyamaza, inaguruma. Soda inauma meno. Vifaranga wamehamishiwa chumbani kwetu na boksi lao, chini ya upande wangu wa kitanda.

Ila wageni hawaamini. Mtu anaingia sebuleni, anaona pengo pale ilipokuwa ile ya zamani, anaona alama ya mstatili ukutani, ananitazama kwa huruma. Mwenyekiti wa kitongoji kanivuta pembeni kuniuliza kama kuna deni. Nikisema friji iko jikoni ndani ya kabati, wanaitikia ile "eeh" ya kumwitikia mgonjwa. Siwezi kumkokota kila mgeni jikoni, kuna masufuria.

Na sasa kuna hili la jirani, yule yule wa kusalimia. Binti yake alikuwa anapata kipaimara, kanunua nyama mapema, akaomba tumwekee. Mimi sikuwepo, mke wangu yuko sokoni. Kijana wangu kamwambia, mzee pita tu, ni kabati la mninga. Kapita. Kafungua mlango. Asubuhi ile jikoni baridi imeshika, akatia mkono, akasikia ubaridi, akaridhika, akapanga kilo nne katikati ya sahani. Keshokutwa yake, saa chache kabla ya misa, ndiyo tukaanza kuulizana harufu inatoka wapi.

Anasema kosa langu, milango mitatu sawasawa haina alama. Nimeshamlipa kilo mbili. Mbili zilizobaki anazitaka mwisho wa mwezi, na nikisema nibandike karatasi iandikwe FRIJI, mama watoto anasema nisithubutu kuuchafua mninga wake.